Ufadhili wa Lester B. Pearson, Chuo Kikuu cha Toronto: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa kidato cha sita na kwa shule yake

Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, humlipia mwanafunzi karo, vitabu, michango ya lazima ya chuo na malazi kwa miaka minne ya shahada ya kwanza. Kila mwaka huchaguliwa wanafunzi wapatao 37 kutoka dunia nzima, wote wageni wanaohitaji kibali cha kusoma Kanada. Kwa kozi nyingi za chuo hicho, karo peke yake ya mwanafunzi wa kigeni inapita dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Zidisha kwa minne, utaona kwa nini kijana mwenye matokeo mazuri hapaswi kuupita ufadhili huu bila kuujaribu.

Nauandika mwongozo huu nikimlenga mwanafunzi wa Tanzania, Bara na Visiwani, ingawa Mkenya, Mganda, Mrundi au Mkongomani atakuta sehemu kubwa inamhusu. Namlenga pia mkuu wa shule, tena kwa makusudi. Mlango wa kwanza wa ufadhili huu haupo Toronto, upo ofisini kwake. Mwanafunzi hajiombei mwenyewe hivi hivi: ni lazima shule imteue, na shule moja ina nafasi ya kuteua mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka. Wapo vijana wengi wenye uwezo ambao hawakuwahi kukataliwa na Toronto kwa sababu majina yao hayakufika huko kabisa.

Pearson mwenyewe alisoma historia chuoni hapo akahitimu mwaka 1919. Akawa mwanadiplomasia, akatunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1957 kwa kazi yake wakati wa mgogoro wa Suez, kisha akawa Waziri Mkuu wa Kanada kuanzia 1963 hadi 1968. Nayataja haya kwa kuwa yanaonyesha mtu gani anatafutwa: aliyefaulu sana darasani, mwenye ubunifu, na ambaye kuwepo kwake kumeleta mabadiliko shuleni na mtaani. Alama nzuri peke yake hazitoshi. Ugumu wa maisha nyumbani nao peke yake hautoshi, maana ufadhili huu hautolewi kwa kuangalia kipato cha mzazi.

Kwanza, hakikisha unastahili

Masharti ni machache. Usiwe raia wala mkazi wa kudumu wa Kanada. Uwe mwaka wa mwisho wa sekondari, au uwe umemaliza si kabla ya Juni ya mwaka uliotangulia ule utakaoanza chuo. Usiwe umeshaanza chuo kingine. Masomo yaanze Septemba.

Sharti la Juni ndilo la kuangaliwa na Mtanzania. Mtihani wetu wa kidato cha sita hufanyika Mei, kwa hiyo aliyekwisha kumaliza na kukaa nyumbani mwaka mzima anajikuta mpakani, au nje kabisa. Njia salama ni kuomba ukiwa bado kidato cha sita. Unaingia darasa hilo Julai, unaomba Oktoba na Novemba, unafanya mtihani Mei, na ukibahatika unaanza chuo Septemba bila kupoteza mwaka.

Chagua kozi kabla hujaenda kwa mwalimu

Hapa wengi hupotea, hasa wenye ndoto ya udaktari. Toronto hakuna kuingia udaktari, sheria, famasia, meno wala uuguzi moja kwa moja kutoka sekondari. Kozi hizo huja baada ya miaka kadhaa ya chuo au baada ya shahada nyingine, na ufadhili huu haulipii kozi za namna hiyo. Unachoweza kuomba ni uhandisi, sayansi, uchumi na biashara, kompyuta, sanaa na sayansi za jamii, usanifu majengo, muziki, na sayansi ya mazoezi ya mwili. Kama unataka udaktari na hutaki njia ndefu, Muhimbili itakufaa zaidi, na si aibu kuchagua hivyo.

Kisha linganisha tahasusi yako na masharti ya kozi. Wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) wako vizuri kwa uhandisi, kwa sababu unadai hisabati, fizikia na kemia. Wa EGM (uchumi, jiografia, hisabati) wanafaa kwa uchumi. Wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) wawe makini: kozi nyingi za sayansi ya viumbe pale hudai hisabati ya kiwango cha juu, yenye kalkulasi, wakati mwanafunzi wa PCB huku kwetu husoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, kama somo la ziada. Usikisie kama BAM itakubaliwa. Andikia ofisi ya udahili ya Toronto barua pepe fupi mwezi Julai, ueleze tahasusi yako, muhtasari wa BAM unagusa mada zipi, na kozi unayoitaka. Jibu lao lihifadhi.

Chuo kina kampasi tatu: St. George iliyo katikati ya jiji, Mississauga na Scarborough. Ufadhili unatumika kwenye zote tatu. Ukiomba St. George katika sanaa na sayansi utatakiwa kupanga koleji kwa kipaumbele chako. Koleji ziko saba na uchaguzi huo unahusu zaidi mahali pa kuishi na huduma utakazopata. Usikukoseshe usingizi.

Ofisini kwa mkuu wa shule

Fika mapema, Julai au Agosti, kabla ratiba ya mitihani haijambana. Usiende mikono mitupu na usitegemee kwamba anaufahamu ufadhili huu. Chapisha ukurasa mmoja: ufadhili unalipia nini, shule inateua mtu mmoja, tarehe ya mwisho ya uteuzi, na shule inatakiwa kufanya nini. Kama shule haijawahi kuteua, mkuu au mwalimu aliyemteua ndiye anayepaswa kuwasiliana na chuo kwa barua pepe rasmi ya shule. Shule yenye anwani ya barua pepe ya kudumu, inayofunguliwa na watu wawili badala ya mmoja, imeshatatua nusu ya tatizo.

Maneno ya kuanzia yasiwe ya kudai nafasi. Afadhali: «Shikamoo mwalimu. Nimeleta taarifa ya ufadhili wa Toronto ambao shule inaweza kumteua mwanafunzi mmoja kila mwaka. Naomba shule iangalie, na kama utaratibu utawekwa, na mimi ningependa kufikiriwa.» Umempa mkuu wa shule jambo la kujivunia, na hujamweka katika hali ya kukupendelea.

Sasa kwako, mkuu wa shule. Nakuomba usimteue mwanafunzi kwa sababu tu amekuwa wa kwanza kwenye mtihani wa muhula, wala kwa sababu mzazi wake yuko kwenye bodi. Tangaza mstarini kwamba nafasi ipo. Weka walimu watatu, mwalimu wa taaluma akiwemo na angalau mmoja anayekaa na wanafunzi nje ya darasa, mathalani patroni, matroni au mlezi wa klabu. Wanaotaka waandike ukurasa mmoja kuhusu jambo walilolifanya, wala si kuhusu ndoto zao. Wasomeni, waiteni wawili watatu, ulizeni maswali, kisha amueni na muandike sababu. Kazi hii huchukua wiki moja, na wanafunzi waliokosa watajua walikosa kwa haki.

Halafu barua. Barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ni mtiifu, ana nidhamu, anajituma na anashirikiana vizuri na wenzake. Msomaji wa Toronto akishasoma barua mia moja za namna hiyo hana namna ya kumtofautisha huyu na yule. Linganisha na aya hii, ambayo nimeitunga kwa mfano:

«Pampu ya kisima ilipoharibika Agosti, wasichana walianza kufuata maji bondeni alfajiri na kuchelewa kipindi cha kwanza. Binti huyu alipima kila bweni linatumia ndoo ngapi, akaleta ofisini mgawanyo wa zamu ulioanzia jioni, na akaomba kidato cha tano na cha sita wabebe zamu za mbali ili wadogo wabaki shuleni. Siku tatu za mwanzo zamu ziligoma. Alikaa na viranja wa mabweni yote, akabadilisha mpangilio, na hadi pampu inatengenezwa hakuna darasa lililoanza bila wanafunzi.»

Aya hiyo haina sifa hata moja, lakini ukimaliza kuisoma unamjua mtu. Ina shida, ina alichokifanya, ina sehemu iliyokwama, na ina matokeo yanayoonekana. Mwalimu anayemjua mwanafunzi wake anaweza kuiandika kwa nusu saa.

Jambo lingine gumu kwa shule ni alama. Kidato cha sita hakuna matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, bado, kwa hiyo chuo kitaangalia cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha tano, na makadirio ya walimu. Shule zetu nyingi hazina desturi ya kutoa makadirio rasmi. Andaeni karatasi yenye nembo, saini na muhuri, ikionyesha alama za kila muhula kwa kila somo, ngazi za alama zinazotumika, na makadirio ya kila mwalimu wa somo. Elezeni kwa sentensi mbili kwamba kwetu asilimia 80 ni alama ya A. Mtu aliyezoea mfumo mwingine anaweza kuiona 80 ndogo wakati darasani kwenu ndiyo ya juu kabisa.

Kalenda, na tatizo la simu

Tarehe hubadilika kila mwaka, hivyo thibitisha za mwaka wako kwenye tovuti ya chuo. Kwa misimu ya karibuni mpangilio umekuwa huu: uteuzi wa shule na maombi ya udahili huangukia Oktoba, na fomu ya ufadhili hufuata mwanzoni mwa Novemba. Ni mambo matatu tofauti na yote matatu ni lazima. Shule inateua. Wewe unaomba udahili kupitia kituo cha pamoja cha vyuo vya jimbo la Ontario, OUAC. Kisha unajaza fomu ya ufadhili yenyewe kupitia akaunti ya waombaji ya chuo.

Maombi ya OUAC yana ada inayozidi dola 150 za Kanada, na hulipwa kwa kadi. Mzazi asiye na kadi ya benki anaweza kufungua kadi ya Visa ya mtandaoni kwenye M-Pesa, lakini ijaribuni kwa malipo madogo wiki moja kabla. Kadi kugoma usiku wa siku ya mwisho ni jambo la kawaida mno.

Sasa simu. Shule za bweni haziruhusu simu, na ujumbe muhimu wa chuo utaingia kwenye barua pepe katikati ya muhula ukiwa prepu. Usimwachie rafiki wa kaka yako nywila. Fungueni na mzazi au mlezi anwani moja yenye jina lako kamili, isiyo na utani, na mkubaliane nani ataifungua kila siku. Shuleni omba kibali cha maandishi cha kutumia kompyuta ya maabara au ya mwalimu wa taaluma mara mbili kwa wiki, Oktoba na Novemba. Kibali kikiwa kwenye maandishi, mwalimu wa zamu hatakuwa na sababu ya kukurudisha bwenini.

Majina na nyaraka

Fungua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na pasipoti, uviweke mezani pamoja. Je, herufi kwa herufi vinalingana? «Mohamed» kwenye kimoja na «Muhammad» kwenye kingine, jina la babu limerukwa, mwaka wa kuzaliwa umekosewa: kasoro hizi humfuata mtu hadi dirisha la viza. Zirekebishe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au kwa Zanzibar kwenye ofisi ya usajili huko, na pale penye ulazima pata hati ya kiapo kwa wakili. Anza sasa. Pasipoti ya Tanzania inagharimu shilingi 150,000, na huihitaji kuomba ufadhili, lakini ukishachaguliwa hutakuwa na muda wa kuihangaikia.

Kuhusu Kiingereza, usidhani kusoma sekondari kwa Kiingereza kunakuondolea mtihani. Chuo kina masharti yake ya nani anasamehewa. Asiyesamehewa akifanya IELTS anatakiwa kupata 6.5 kwa jumla na asipungue 6.0 kwenye sehemu yoyote. Sehemu ya kuandika ndiyo huwaangusha wengi wetu, kwa hiyo ifanyie mazoezi zaidi kuliko kuongea.

Kujibu maswali ya fomu

Fomu ni ya Kiingereza, lakini fikiri kwanza kwa lugha unayoiwaza vizuri. Chukua daftari, andika mambo matano uliyoyafanya ambayo bila wewe yasingefanyika, au yangefanyika vibaya. Usitafute makubwa. Kuwafundisha hisabati wadogo wa kidato cha pili Jumamosi ni jambo. Kulilea duka la mama likizo nzima na kugundua wateja gani hawalipi madeni ni jambo. Cheo cha kaka mkuu au dada mkuu si jambo mpaka useme ulifanya nini nacho.

Kwa kila moja jiulize: hali ilikuwaje kabla? Niliona nini ambacho wengine hawakukiona? Nilijaribu nini kikashindikana? Nani alinisaidia? Leo kinaendelea hata mimi nikiwa sipo? Swali la mwisho lina uzito mkubwa. Klabu iliyokufa siku ulipoacha uongozi haishawishi kama ile uliyomkabidhi mwenzako ikasimama.

Mwalimu wa Kiingereza akusahihishie makosa, asikuandikie. Maneno ya mtu mzima aliyezoea hotuba yanajulikana haraka, na insha uliyonunua mtandaoni inajulikana haraka zaidi. Akitokea wakala anayesema anaweza kukuuzia uteuzi au «kuharakisha» maombi yako, achana naye: uteuzi ni wa shule na hauuzwi popote.

Wanafunzi waliotangulia

Kundi la kwanza la ufadhili huu lilianza mwaka 2017. Ukichukua 37 kwa miaka minne, wakati wowote chuoni wako kama 150, na nyuma yao wapo waliohitimu tangu 2021. Huwatambui kwa sare, ila chuo huwatangaza wanaochaguliwa, na wengi wao hawasiti kumsaidia mtu anayeuliza kwa adabu.

Anza na wa karibu. Uliza shuleni kama kuna aliyewahi kuteuliwa, hata kama hakuchaguliwa. Huyo anaujua mchakato kuliko mtu yeyote mtaani kwenu. Kenya ipo mipango inayowaandaa wanafunzi kwa vyuo vya nje, kama KenSAP na ule wa benki ya Equity kwa wanafunzi wake wa ufadhili wa sekondari wa Wings to Fly, na waliopitia huko ni wazoefu. Ukimwandikia mtu usiyemfahamu, andika hivi: «Habari za masomo, dada. Niko kidato cha sita, PCM, na shule yangu imeniteua kwa mara ya kwanza. Naomba kukuuliza mambo mawili tu, ukipata nafasi: shule yako ilitoaje makadirio ya alama, na ni kitu gani kuhusu kozi ya uhandisi ambacho ungependa ungekijua kabla?» Uliza maswali mawili yanayojibika kwa dakika tano. Usimwombe insha yake. Usimwombe akuombee kwa chuo, hana uwezo huo. Akikujibu, mshukuru, na matokeo yakitoka mjulishe, mazuri au mabaya.

Waulize pia maisha. Fedha ya mfukoni wanaipata wapi? Likizo ndefu ya Mei hadi Agosti wanakaa wapi na wanafanya nini? Baridi ya Januari waliipokeaje? Darasa la kwanza lenye mamia ya wanafunzi, aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao alijisikiaje alipopata alama za kati? Majibu ya maswali haya huyapati kwenye kipeperushi chochote, nayo ndiyo yatakusaidia kukaa miaka minne ukiwa mzima wa akili.

Ukichaguliwa

Tiketi ya ndege, ada za viza na nguo za baridi hazimo katika orodha ya vinavyolipiwa. Kibali cha kusoma kina ada ya dola 150 za Kanada na alama za vidole dola 85, na kuna uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Tangu 2024 mwombaji wa shahada ya kwanza anahitaji pia barua ya uthibitisho ya jimbo, ambayo utaipata kupitia chuo. Familia ikae mapema ijue nani anachangia nini. Mchango wa ukoo na wa msikitini au kanisani huwa mwepesi zaidi ukiombwa Februari kuliko Agosti.

Kuna jambo la Kitanzania kabisa: mwito wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Unatoka karibu na mwisho wa mtihani, na mafunzo yanaangukia miezi ileile ya kushughulikia viza. Uliza mapema, kupitia mkuu wa shule, utaratibu kwa mwanafunzi mwenye nafasi ya chuo nje ya nchi. Usinyamaze na usipuuze mwito. Matokeo ya NECTA hutoka Julai. Siku hiyo hiyo hakikisha chuo kimeyapata, kwani nafasi yako inayategemea.

Shule ibaki na faili

Atakayechaguliwa na atakayekosa wote waache vitu hivi shuleni: nakala ya karatasi ya makadirio iliyokubaliwa, barua pepe walizojibiwa na chuo, tarehe halisi za mwaka ule, majina ya mitandao iliyotumika kulipia, na kurasa mbili za ushauri kwa atakayefuata. Aliyekosa bado anaweza kutumia nyaraka hizo hizo kwa vyuo vingine msimu uleule, na asisahau dirisha la udahili wa vyuo vya ndani na la bodi ya mikopo, HESLB. Faili lenyewe liwe la karatasi, likae kabatini kwa mwalimu wa taaluma, na nakala iwe kwa mkuu wa shule, ili mmoja wao akihamishwa Januari, kazi ya Agosti iendelee.